Mbuta, Fulu na Omena: Wingi Unavyoamua Nani Amle Nani



Tukikutana na vikundi vya wavuvi na vya akina mama wauza samaki huku kando ya Ziwa Victoria, kuna swali moja halikosi. Ikiwa ni kweli mbuta alimaliza fulu, mbona yeye mwenyewe hakufa njaa? Ni swali la maana kuliko linavyoonekana. Na lina ndugu zake: mbona fulu wengine wamerudi na wengine hawajaonekana tena? Mbona omena, aliye mdogo kuliko wote, ndiye amejaa sokoni? Katika somo hili tutayachukua maswali haya pamoja, kwa sababu jibu lake linatoka chungu kimoja.

Kwanza majina, maana wasomaji wetu wa milimani hutulalamikia kwamba tunaongea lugha ya ziwa. Mbuta ndiye yule samaki mkubwa ambaye Watanzania humwita sangara. Anaweza kupita kilo 100. Fulu ni visamaki vidogo vyenye miiba mingi, na si aina moja bali zaidi ya 500, nyingi zikiwa hazipatikani pahali pengine duniani. Omena ni dagaa. Ngege ni perege wa asili wa ziwa hili. Ochonga ni kamba wadogo sana, karibu wapitilie mwangaza, ambao wavuvi huwaona wamenata kwenye nyavu za omena.

Sasa, vitabu vya shule huchora mambo haya kwa mishale. Mwani unaliwa na fulu, fulu analiwa na mbuta, mbuta analiwa na mtu. Wataalamu wa viumbe huchora kwa upana zaidi, kama wavu: kila fundo ni aina ya kiumbe, na kila uzi ni uhusiano wa kula, kuliwa, kuchavusha au kung'ang'ania pahali. Michoro hiyo ni mizuri, lakini mingi inaficha jambo moja. Nyuzi zote zimechorwa kwa unene mmoja, kana kwamba mbuta hula kila kitu kwa kiasi sawa. Ukweli ni kwamba uzi mmoja unaweza kuwa mnene kama kamba ya mashua na mwingine mwembamba kama unywele. Kinachonenepesha uzi, kwanza kabisa, ni wingi. Walio wengi hukutana mara nyingi, na asiyekutwa haliwi.

Msikubali neno letu hivi hivi. Fanyeni mchezo huu kikundini. Chukueni karai, mtie punje 80 za mahindi, punje 15 za maharagwe na njugu 5. Jumla ni 100. Mmoja afungwe macho, achote punje moja, aitaje, airudishe, achanganye, achote tena. Afanye hivyo mara 20 huku mwingine akiweka alama kwenye karatasi. Mtapata mahindi karibu mara 16, maharagwe karibu mara 3, na njugu mara 1 hivi, au pengine hakuna kabisa. Mchotaji hakuchagua. Hapendi mahindi kuliko njugu. Ni wingi tu.

Halafu, na hapa ndipo penye somo, toeni punje 70 za mahindi. Msiguse maharagwe wala njugu. Sasa mna mahindi 10, maharagwe 15 na njugu 5. Chota tena mara 20. Maharagwe yatatoka karibu mara 10, mahindi mara 6 au 7, na njugu mara 3. Angalieni hizo njugu vizuri. Zilikuwa 5, bado ni 5. Hakuna aliyezigusa. Lakini hatari yake imezidi mara tatu, kwa sababu tu jirani yake aliyekuwa mwingi ameondoka. Aliyekuwa akijificha katikati ya umati amebaki uwanjani.

Basi turudi ziwani. Mbuta hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Wakati huo ziwa lilikuwa la fulu: katika uchunguzi wa mwaka 1969 hadi 1971, fulu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki waliokokotwa na nyavu karibu na chini ya maji. Kwa miaka ishirini na zaidi mbuta alikuwepo lakini hakuwa na kelele. Baadhi ya watafiti wanaeleza kwamba ni fulu wenyewe waliomzuia. Walipokuwa wengi sana walikula vifaranga vya mbuta, tena wakashindana navyo kwa chakula. Yaani aliyekuja kuwa mlaji alikuwa kwanza mliwa, na sababu ni hiyo hiyo ya hesabu. Mtoto wa mbuta mmoja alizungukwa na midomo elfu.

Kisha mizani ikapinduka. Upande wa Kenya, katika Ghuba ya Nyanza, mbuta alilipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uganda ikafuata. Katika Ghuba ya Mwanza, ambako meli za kukokota nyavu zilikuwa zimeanza kuwapunguza fulu tangu miaka ya 1970, mlipuko ulikuja katikati na mwisho wa miaka ya 1980. Inakadiriwa kwamba karibu aina 200 za fulu zilitoweka au zikawa adimu mno. Haikuwa kazi ya mbuta peke yake, na tungependa jambo hili lisemwe waziwazi: maji yalikuwa yakichafuka kwa mbolea, udongo na uchafu wa miji, mwani ukazidi, na hewa kwenye vina ikapungua. Lakini mbuta alikuwa na mkono mkubwa.

Hapa ndipo swali la wavuvi linapojibiwa. Fulu walipokuwa wengi, tumbo la mbuta lilipopasuliwa lilijaa fulu. Fulu walipoisha, watafiti walipasua matumbo wakakuta ochonga, omena na watoto wa mbuta mwenyewe. Ndiyo, alianza kula wanawe. Ochonga nao walikuwa wameongezeka, kwa sababu fulu waliokuwa wakiwala, na wengine waliokuwa wakigombania nao takataka za chini ya ziwa, walikuwa wameondoka. Kwa hiyo mbuta hakubadilika tabia wala ulimi. Alikuwa akichota karai lile lile, ila punje zimebadilika.

Na tazameni ubaya uliomo ndani ya jambo hili. Tungetegemea kwamba fulu wakiwa wachache, mbuta naye apungue, fulu wapate kupumua, waongezeke tena. Ndivyo inavyokuwa kwa mlaji wa chakula kimoja. Lakini mbuta alikuwa akilishwa na wengine. Ochonga na omena walimweka hai na mwingi, na kila alipokutana kwa bahati na fulu wa aina adimu, alimmeza vile vile. Yule adimu hakuwa na thamani yoyote kwa maisha ya mbuta. Mbuta ndiye alikuwa kila kitu kwa maisha yake. Katika wavu wa viumbe uhusiano wa mwingi na mchache mara nyingi ni wa upande mmoja hivi. Mwingi hamhitaji mchache, lakini mchache anaishi au anakufa kwa sababu ya mwingi.

Linganisheni na gugumaji. Wasomaji wetu wa Kisumu na Homa Bay wanakumbuka mwaka 1998, gugu lilipofunika karibu hekta 17,000 za Ghuba ya Nyanza na mashua zikashindwa kutoka. Kuanzia mwaka 1997 waliletwa wadudu wa jamii ya fukusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe, ambao chakula chao ni hilo gugu tu. Mwanzoni watu walicheka: wadudu wachache hivi watafanya nini? Lakini chakula kilikuwa tele, kila mdudu alikutana na jani popote alipogeuka, wakazaana. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imezama. (Mawimbi na mawingu ya El Niño pia yalisaidia, wataalamu bado wanabishana kwa kiasi gani.) Sasa, gugu lilipozama, mdudu hakuwa na ochonga wa kumwokoa. Naye alizama. Ndiyo maana mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilipoleta gugu upya kutoka mitoni, wadudu walikuwa wachache mno, na gugu likatangulia tena. Mlaji wa chakula kimoja huwa nyuma ya chakula chake kila mara, kama mtu anayefukuza basi.

Hadithi haikuishia kwa samaki. Kuna ndege mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayepiga mabawa pahali pamoja juu ya maji kisha anajitupa kichwa mbele. Zamani katika Ghuba ya Mwanza alikula zaidi fulu. Watafiti waliporudi kumwangalia baada ya mbuta kulipuka, alikuwa amehamia omena karibu kabisa. Lakini omena ni mwembamba kuliko fulu, na omena wenyewe miaka hiyo walikuwa wamepungua urefu wakianza kuzaa wakiwa wadogo zaidi. Kwa hiyo mdiria alilazimika kujitupa majini mara nyingi zaidi ili watoto wale shibe ile ile. Uzi mmoja ukikatika mahali, mwingine unavutwa mahali pengine, na anayeuvuta anatoa jasho.

Tusije tukasema ati wingi ndio kila kitu. Mdiria hawezi kufika kwenye kina hata kama kule chini fulu wamejaa. Mbuta mdogo hawezi kumeza samaki mkubwa kuliko mdomo wake, na ngege aliyekomaa anajificha kwenye matete ya pembeni. Umbo, saa na pahali vinapanga nani anaweza kukutana na nani. Wingi unapanga watakutana mara ngapi. Wale wanaosoma nyuki na maua hulijua hili vizuri: ukikaa shambani asubuhi moja, nyuki aliye adimu utamwona mara moja tu, kwenye ua moja, na utaandika kwamba anapenda ua hilo peke yake. Huenda hana upendeleo wowote. Hukukaa vya kutosha. Kama nyuki wa aina fulani ni mmoja kati ya nyuki 20, na ua la aina fulani ni moja kati ya maua 20, kwa hesabu ya bahati tupu mtawaona pamoja mara moja kati ya ziara 400. Mmea ulio mchache unaweza kukosa mbegu si kwa kukosa rafiki, bali kwa sababu rafiki hapiti.

Jambo hili la kukutana lina uzito hata katika ndoa za fulu, kama tunaweza kusema hivyo. Jike la fulu humchagua dume kwa rangi: katika aina fulani zinazokaribiana, dume mmoja ni mwekundu na mwingine wa buluu. Maji yakiwa safi, jike hakosei. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yakichafuka rangi hazionekani, na aina zilizokuwa mbali zinaanza kuchanganyika.

Swali la kwa nini wengine wamerudi lina jibu lenye mkono wa binadamu. Kuanzia miaka ya 1990 mbuta alivuliwa sana, kwa viwanda vya minofu na soko la ng'ambo. Mbuta walipopungua, fulu wa aina kadhaa, hasa wanaokula vijidudu vinavyoelea na wale wanaokula takataka za chini, waliongezeka tena katika Ghuba ya Mwanza na kwingine. Na mbuta akafanya nini? Akarudi kula fulu. Matumbo yaliyopasuliwa miaka ya 2000 yalikuwa na fulu tena. Wale ambao hawakurudi ni pamoja na wakubwa waliokula samaki wenzao, waliokuwa wachache tangu mwanzo. Punje 5 zikishachotwa zote, hakuna mbegu ya kupanda.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi wa kazi za afya ya jamii. Kiumbe anaweza kuwepo na kazi yake isiwepo. Katika Ziwa Malawi kuna samaki wanaovunja konokono kwa meno ya kooni na kuwala, wakiwemo konokono wanaobeba kichocho. Walipovuliwa kupita kiasi karibu na ufuo, watafiti waliona konokono wakiongezeka kwenye maji ya kina kifupi, pale pale watoto wanapoogelea na akina mama wanapofulia, na kichocho nacho kikapanda. Samaki hao hawakuwa wamekwisha duniani. Walikuwa wamepungua tu, kiasi cha kutokukutana na konokono mara za kutosha. Tukisubiri mpaka aina itoweke ndipo tuseme tumepata hasara, tutakuwa tumechelewa miaka mingi.

Na mtu je? Tumemwacha nyuma makusudi, maana yeye ndiye mlaji wa vyote kuliko hata mbuta. Mwaka 1905 nyavu za kunasa za kisasa zililetwa Ghuba ya Nyanza, na ngege, aliyekuwa fahari ya meza za huku, akaanza kupungua. Uchunguzi wa Michael Graham wa mwaka 1927 na 1928 ulipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5. Muda ukapita, macho yakapunguzwa, mvuvi akahamia samaki wengine. Mbuta alipojaa, tukawa wavuvi wa mbuta. Yeye ana mafuta, hakauki vizuri juani kama fulu, basi tukakata miti ya kumbanika. Minofu ikaenda viwandani, sisi tukabaki na mgongo wazi. Sasa ni zamu ya omena: tangu miaka ya 2000 ndiye anayeongoza kwa uzito katika samaki wanaovuliwa ziwa zima. Kila hatua ilionekana kama biashara mpya. Ukiangalia kwa karibu, ni karai lile lile na mkono ule ule.

Hatari iko hapa. Mvuvi anayeishi kwa omena anaweza kuendelea kutoka kila usiku hata kama ngege wamebaki watano, kwa sababu si ngege wanaomlipia mafuta ya taa. Wavu wake wa macho madogo, na zaidi ule ulioshonwa kwa chandarua, unakokota watoto wa ngege na wa mbuta bila kukusudia. Anawaona sakafuni mwa mashua, wachache, anasema hii si kitu. Kwake si kitu kweli. Kwa ngege ni kizazi. Ndiyo maana sheria ya msimu wa kufunga omena, Aprili hadi Julai, na ile ya kutovua mbuta chini ya sentimita 50 wala zaidi ya 85, hazipaswi kuonwa kama uonevu wa serikali. Tunajua miezi hiyo minne ni mirefu kwa nyumba isiyo na shamba. Kikundi kisichokuwa na akiba au kuku wakati huo kitavunja sheria, na kuhubiri hakutasaidia.

Uhaba hubadilisha hata mahusiano ya watu ufuoni. Samaki wakiwa wengi, mvuvi ndiye anayemtafuta mama mwenye gorogoro, ili mzigo usiozee mikononi mwake. Samaki wakiwa wachache, akina mama ishirini wanagombania mashua moja, na hapo jaboya huota mizizi: mvuvi anadai mapenzi kabla ya kukubali kuuza. Umaskini na kukosa mtaji ndio chanzo, hatusemi ni samaki tu. Lakini mama mwenye samaki wa kuchagua ana nguvu ya kusema hapana. Kaunti za ufuoni zimebeba viwango vya juu zaidi vya Ukimwi nchini kwa miaka mingi, na kila anayefanya kazi hapa anajua njia mojawapo inapita kwenye mashua hizo. Vikundi vya akina mama vilivyonunua mashua yao wenyewe vilikuwa vinabadilisha hesabu ya nani anamhitaji nani.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Waulizeni wazee wa ufuo wenu walivua nini wakiwa vijana, na andikeni majina yote, hata yale ambayo watoto hawajawahi kuyasikia. Kwa kila jina, uliza liko wapi sasa: limekwisha, au lipo chache? Nani alikula samaki huyo, na leo mlaji huyo anakula nini badala yake? Kisha rudieni mchezo wa karai, mara hii mchotaji akiwa mvuvi, omena wakiwa mahindi, fulu maharagwe na ngege njugu. Chotea mara 20, lakini msirudishe punje. Kila baada ya raundi ongezeni mahindi 15, kwa kuwa omena huzaa haraka, na njugu moja tu. Hesabuni ni raundi ngapi njugu zinadumu, halafu mjaribu tena mkiwa mmeruka raundi moja kati ya kila tatu. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo, ile tunayoiita BMU, akiwepo, mwombeni ashike karai yeye.